Neno “Kaa” Mimbarani

Miaka kadhaa iliyopita nilihubiri katika usharika mmoja wa Ifakara juu ya wito wa nabii Isaya (Isa. 6:1-8). Nilieleza kwamba kaa lililogusa kinywa cha nabii huitwa hivyo kwa sababu kwa hilo Mungu hukaa ndani ya mtu. Washarika walifurahi. Baada ya ibada mzee mmoja, aliyepata kuchoma mkaa ujanani, aliniambia kwa upole: “Mchungaji, mbona kaa likikaa huzimika?” Sikuwa na jibu.

Kwa kweli Kiswahili kina maneno matatu, wala si moja, yenye umbo hilo. La kwanza ni kitenzi: kuketi, kuishi mahali, kudumu. La pili ni nomino yenye wingi wa makaa. La tatu ni mnyama wa majini mwenye magando, ambaye hufuata upatanisho wa viumbe hai: kaa huyu ametoka, bali kaa hili limewaka. Sarufi yenyewe huyatenga, na kamusi huyaandika mbalimbali.

Yalifananaje basi? Lugha za jamaa hutusaidia. Wagiriama husema kukala kwa maana ya kukaa. Kichewa cha Malawi kina khala kwa kukaa, na makala kwa makaa. Kizulu humwita kaa wa majini inkala. Kiswahili kimeidondosha konsonanti ya katikati. Tena kimepoteza toni, ambazo katika lugha nyingi za Kibantu husaidia kutofautisha maneno ya namna hii. Wanaisimu huyarejesha matatu haya kwenye asili tofauti za Kibantu cha kale. Ndivyo ilivyo pia kwa paa wa mwituni, ambaye kwa Kizulu ni impala: hakuna anayedhani kwamba mnyama huyo ana uhusiano na Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana.

Kosa langu, basi, halikuwa la sarufi tu. Isaya alinena Kiebrania, na katika lugha hiyo neno la kaa la moto na neno la kukaa hayafanani kabisa. Nililiita Neno la Mungu jambo lililotokana na bahati ya sauti za Kiswahili. James Barr, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu maana za maneno ya Biblia, alionya juu ya kujenga theolojia kwa asili ya maneno pasipo kutazama jinsi yanavyotumika katika sentensi. Naye Luther, katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alizifananisha lugha na ala ya upanga wa Roho. Ala ikitupwa, upanga hushika kutu.

Hata hivyo, mhubiri hanyimwi furaha ya maneno. Katika Agano Jipya neno la Kigiriki anthrakia, yaani moto wa makaa, limo mara mbili tu, zote katika Yohana. Petro alimkana Bwana akiota moto huo (18:18), na penye moto kama huo Bwana mfufuka alimrejesha (21:9). Uhusiano huu umo katika maandiko yenyewe. Vilevile, pale Yohana 1:14 inaposema juu ya Neno kukaa kwetu, Kigiriki chadokeza kupiga hema. Mkulima wa mpunga wa Kilombero, ahamiaye kibandani shambani hadi mavuno, ataelewa upesi kukaa kwa namna hiyo.

Leo ningemjibu yule mzee kwamba alikuwa karibu na Isaya kuliko mimi. Kaa lile halikukaa. Liligusa midomo, uovu ukaondolewa, na nabii akatumwa.