UZI: Chama cha wafanyabiashara kinatetea nani?

1/ Kila mdahalo wa kaunti lazima mtu aseme, "Tutapunguza leseni za wafanyabiashara wadogo!" Makofi. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na mama anauza mitumba soko la Kalundu, Kitui. Swali lake huwa moja tu: watapunguza vipi?

2/ Ada za kaunti haziwekwi jukwaani. Zinawekwa kwenye Mswada wa Fedha unaopelekwa bunge la kaunti. Lile jedwali la nyuma, ambalo hakuna anayelisoma, ndilo linasema kibanda kitalipa pesa ngapi. Vita viko hapo.

3/ Katiba, vifungu 196 na 201, inataka wananchi washirikishwe. Sawa. Lakini kikao kikiangukia siku ya soko, mama anachagua kuuza. Nani atamlaumu? Hapo ndipo chama kinaingia: anatumwa mtu mmoja aliyesoma jedwali, amebeba maoni yenye sahihi za wengi.

4/ Vyama vina kazi mbili, tusizichanganye. Kusaidia: mafunzo, kutafutia wanachama soko, kuwaelekeza kwenye zile zabuni za serikali, asilimia 30, zilizotengewa vijana, wanawake na walemavu. Kutetea: maoni, mazungumzo, na ikibidi korti. KNCCI, chama cha kitaifa cha wenye biashara na viwanda, kipo tangu 1965 na kina matawi kwenye kaunti. Jua kali wana shirikisho lao, wachuuzi wana KENASVIT.

5/ Korti inasaidia? Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alitaka kaunti zitumie makanisa, misikiti, mabaraza, hata redio za lugha za mama. Huku kwetu hiyo ni redio ya Kikamba, si tangazo la Kiingereza gazetini.

6/ Sasa sehemu ngumu. Sheria ya 2012 inasema biashara ndogo kabisa ni ile isiyozidi mauzo ya shilingi 500,000 kwa mwaka, na watu chini ya 10. Mama mboga wa Emali yuko humo. Mwenye hadwea kubwa pale Wote hayumo. Huyu analipa leseni ya mwaka na anataka wachuuzi watoke mbele ya duka lake. Yule analipa tiketi ya siku na anataka abaki hapo hapo. Wote wanaitwa "wafanyabiashara". Mwenye uwezo wa kulipa ada ya uanachama ndiye husikika.

7/ Kwa hivyo mdahalo ujao, uliza: ada gani, kwenye jedwali gani, na pengo la mapato litazibwa na nini? Na mwenyekiti wa chama akisimama na mgombea, uliza wanachama walikubaliana lini.

8/ Mama ameniambia nimsomee jedwali kabla ya kikao kijacho. Jirani atamwangalizia kibanda. Soko lenu je, lina chama? Nani alikichagua?