Pachimenti: Jina Moja la Ngozi ya Mbuzi na Ganda la Kahawa

Msimu wa kahawa ukifika, magunia yanayoshushwa kwenye vinu vya kukobolea mjini Thika huwa yamejaa kitu ambacho wanywaji wengi wa kahawa hawajawahi kukiona. Ni punje zilizokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa, kila moja ingali imevaa ganda jembamba, kavu, la manjano hafifu. Ukizisugua viganjani, ganda hupasuka na buni ya kijani huchomoza. Watu wa kahawa huita punje hizo pachimenti, neno la Kiingereza ambalo hata Mwingereza wa kawaida, asiyefanya biashara hii, hulifahamu kwa maana nyingine kabisa: ngozi ya kuandikia.

Maana hiyo ndiyo kongwe. Neno limetokana na Pergamo, mji unaotajwa katika kitabu cha Ufunuo, ambao leo ni Bergama nchini Uturuki. Huko ngozi za kuandikia zilisifika sana hata zikabaki na jina la mji. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, anamwomba amletee vitabu vyake, hasa vile vya ngozi.

Ngozi ya namna hiyo ni ya mbuzi, kondoo au ndama. Hulowekwa kwenye chokaa ili manyoya yang'oke, ikakwanguliwa pande zote mbili, kisha ikawambwa kwenye fremu na kuachwa ikauke huku imevutwa. Thika ina viwanda vya ngozi, na mafundi wake wanaijua vizuri nusu ya kwanza ya kazi hii, maana hata ngozi ya viatu huanza kwa chokaa na kukwanguliwa. Njia huachana pale ngozi ya viatu inapotiwa dawa, mara nyingi chumvi za kromiamu, ili iwe laini na isioze. Ngozi ya kuandikia haitiwi dawa hiyo. Inapata ukakamavu wake kwa kuwambwa tu, kama ngozi ya ngoma.

Na inadumu mno. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa nchini Ethiopia, zimehifadhiwa Injili zilizoandikwa kwenye ngozi ya mbuzi, na vipimo vya kaboni vinaonyesha kwamba zina zaidi ya miaka 1,300. Ethiopia hiyo hiyo ndiyo chimbuko la kahawa ya arabika tunayoilima. Hivyo, ingawa neno lenyewe lilitoka Pergamo, vitu vyote viwili linavyovitaja vina historia ndefu katika nchi jirani, jambo ambalo mimi hulifurahia kila ninapolikumbuka.

Baadaye Waingereza walilipanua neno: hati yoyote nzito ya kiserikali, cheti cha chuo kikuu, hata karatasi ya kutandika kwenye trei ya kuokea keki, ambayo haina ngozi ndani yake. Wa kahawa nao walilichukua kwa sababu ya sura ya ganda: jembamba, kavu, lenye kulia likikunjwa. Wanaozungumza Kihispania walifanya vivyo hivyo, na kahawa ya hatua hii huiita pergamino.

Hapa ndipo ninapotaka mkulima asikilize kwa makini, kwa sababu neno hili limo kwenye hesabu ya malipo yake. Kahawa ina uzito wa aina tatu. Kwanza ni cheri, tunda bivu linalopimwa mkulima anapolifikisha kiwandani kwenye chama. Huko humenywa, ute wake huachwa uchachuke, punje huoshwa na kuanikwa mezani mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 10 hadi 12. Hiyo sasa ndiyo pachimenti. Mwisho kinu huondoa ganda, na kinachobaki ni kahawa safi. Kwa kadirio la kawaida, kilo 100 za cheri hutoa kilo 20 hivi za pachimenti, na hizo hutoa kilo 16 hivi za kahawa safi.

Kwa hiyo kilo si kilo tu. Soko la Kahawa la Nairobi hutaja bei kwa dola, kwa gunia la kilo 50 la kahawa safi, na gunia hilo limekula zaidi ya kilo 300 za cheri. Tuseme chama kimelipa shilingi 100 kwa kilo ya cheri: hizo ni sawa na shilingi 625 kwa kilo ya kahawa safi. Nimesikia ugomvi mkali kati ya watu waliokuwa wakitaja takwimu sahihi, ila kila mmoja za uzito wake.

Kuna jambo la pili. Cheri hupimwa kwa jina la mkulima, lakini ikishamenywa huchanganyika na ya wenzake. Aina za kahawa kama SL28, Ruiru 11 iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Ruiru mwaka 1985, na Batian ya mwaka 2010, zote huishia kwenye gunia moja. Tangu hapo ubora ni wa pamoja. Pachimenti hupangwa P1, P2, P3 na nyepesi. Cheri zilizoanikwa na nyama yake bila kumenywa huitwa mbuni, na hizo hulipwa kidogo. Madaraja ya AA, AB na PB huja baadaye, kinuni, ganda likishatoka. Anayeahidiwa AA wakati kahawa ingali na ganda ameahidiwa kitu ambacho hakijapimwa.

Ganda lenyewe hulinda punje. Kahawa hukaa ghalani vizuri zaidi ikiwa imelivaa, ndiyo maana ni busara kukoboa karibu na wakati wa kuuza. Makapi yake huchomwa kama kuni au kubanwa kuwa makaa.

Siku hizi simu huleta bei za dunia nzima. Nchini Kolombia bei ya ndani hutangazwa kwa mzigo wa kilo 125 za pachimenti kavu. Kabla ya kuilinganisha na ya Nairobi, ondoa kwanza uzito wa ganda.