Simbilisi Mwoga na Joto la Juba

Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto. Utabiri ulisema lingefika nyuzi 45. Joto kama hilo ni hatari pia kwa simbilisi (guinea pig), maana hatoki jasho. Joto likipita nyuzi 30 huanza kutaabika, na mwenye mimba ndiye huzidiwa kwanza. Kwa hiyo anayelea simbilisi wachanga Juba hawezi kushughulikia woga wao bila kushughulikia joto.

Woga ndio huwasumbua zaidi wafugaji wapya. Mtoto akifikishwa nyumbani hujibanza pembeni, hukakamaa, na hagusi majani mtu akiwa karibu. Si mkaidi. Huko Andes, asili ya jamii yake, ndege wawindaji walishuka kutoka juu, na mkono unaomjia kutoka juu humtia hofu ileile. Mpe pa kujificha. Mwenye pa kukimbilia huthubutu kutoka mapema kuliko aliyeachwa peupe.

Lakini boksi lenye tundu moja, likiwekwa chini ya bati mchana wa Februari, ni tanuri, na simbilisi mwenye hofu anaweza kubaki humo hata akizidiwa. Maficho yawe wazi pande mbili ili hewa ipite: matofali ya udongo huku na huku, ubao juu yake, nyasi kavu chini. Tukul, yaani nyumba ya kienyeji yenye kuta za udongo na paa la nyasi, ni bora kabisa kuliko chumba cha mabati. Adhuhuri waloweshee matofali machache maji, wajilaze juu yake. Huko Kivu Kusini, Kongo, familia nyingi huwafuga jikoni, na moshi huwadhuru mapafu hata kwenye baridi ya milimani. Jiko la Juba lingewaongezea na joto.

Usilete mmoja peke yake. Uswisi ilipiga marufuku kwa sheria mwaka 2008 kumfuga simbilisi bila mwenzake, nami naona ilifanya haki. Mkubwa aliyetulia huwafundisha wadogo kula na kutoogopa kuliko sisi tunavyoweza. Jioni, joto likipungua, keti chini, nyosha jani la mchicha, usubiri aje mwenyewe.

Mtoto huzaliwa baada ya siku 65 hivi tumboni, akiwa na manyoya, meno, na macho yaliyofunguka, na uzito wa gramu 60 hadi 100 hivi. Hutafuna majani tangu siku za mwanzo, lakini aendelee kunyonya hadi wiki ya tatu. Hapo madume watengwe na mama na dada zao, maana hupevuka upesi. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Mtoto asiyeongezeka uzito ana shida.

Tena kuna woga ambao si woga. Kama binadamu, simbilisi hatengenezi vitamini C mwilini. Akiikosa viungo humuuma, na kila akishikwa hulia na kujikunyata. Mpe kila siku pilipili hoho, sukuma wiki au pera, pamoja na nyasi mbichi tele. Usimpe majani ya nyanya wala ya viazi mviringo, yana sumu. Akiugua, mwulize daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa: penisilini, hata kidogo, huvuruga bakteria wa tumboni mwake na inaweza kumuua kwa siku chache.