Shakman Kwanza, Makina Baadaye

Dereva wa Mombasa, Tanga au Kampala anayekabidhiwa Hiace kuukuu huko Saudia anapaswa kujua maneno mawili ya gereji mapema: shakman, yaani bomba la moshi, na makina, yaani injini. Namsihi ayashike kwa mpangilio huohuo. Gari likikosa nguvu au likinywa petroli kupita kiasi, wengi wetu, mafundi kwa madereva, hukimbilia kufungua injini. Ile ya petroli ya lita 2.7, iliyoenea kwenye Hiace za kuanzia 2004, haifi kirahisi. Mara nyingi kinachoumwa ni njia ya kutolea moshi, na silinda hedi iliyofunguliwa bure humla mtu mshahara ambao kwao nyumbani unasubiriwa.

Anza alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha. Mmoja awashe, mwingine asimame nyuma, kando ya bomba. Moshi wa buluu ukitoka kidogo kisha ukakoma, sili za valvu zimekauka na oili imekuwa ikidondokea kwenye silinda. Usipokoma, na ukazidi unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Mweupe ndio unaohitaji akili, kwa sababu jibu lake hubadilika kwa mji. Riyadh iko ndani ya nchi, mita 600 hivi juu ya bahari, na asubuhi ya Januari joto lake huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hapo mvuke mweupe wa dakika za mwanzo ni wa kawaida, kama pumzi ya mtu kwenye baridi. Jeddah haina baridi ya namna hiyo. Ukiona wingu jeupe linaendelea kutoka huko huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya hedi imeungua. Mafundi wa huko huiita wajh ras. Usiendelee kuliendesha gari.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo nimeliona likigharimu watu zaidi kuliko yote: tundu dogo kwenye bomba, karibu na injini. Hewa ya chumvi ya Bahari ya Shamu hula viungio na boliti za magari ya Jeddah. Safari ya Riyadh hadi Jeddah, takriban kilomita 950, hulichemsha bomba kwa saa nyingi na kisha huliacha lipoe, na chuma hupanuka na kusinyaa hadi gasketi ya manifoldi inapasuka. Tundu likiwa kabla ya sensa ya oksijeni, haliishii kutoa moshi nje. Moshi husukumwa kwa mapigo, na katikati ya mapigo bomba huvuta hewa ndani. Sensa ikiikuta hewa hiyo huiambia kompyuta kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza. Gari linaanza kunywa, plagi zinakuwa nyeusi, na mtu ananunua nozeli mpya kwa tatizo la gasketi.

Kulitafuta tundu hakuhitaji mashine. Injini ikiwa bado ya baridi, washa, kisha mwenzako azibe ncha ya bomba kwa tambara nene kwa sekunde chache. Mlio wa “tsss” utakuonyesha mahali. Pulizia maji ya sabuni penye shaka, mapovu yatathibitisha.

Petroli hiyo iliyozidi haipotei hivihivi. Huenda kuungulia ndani ya masega, lile kopo lenye platinamu, paladiamu na rodiamu linalosafisha moshi, na joto lake huyayusha kauri hadi njia inaziba. Gari hapo huwaka vizuri, hutembea mjini, lakini likianza kupanda Al Hada kuelekea Taif linakata pumzi. Funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Injini nzima ikiunguruma taratibu Jeddah husoma kati ya inchi 17 na 21; Riyadh toa inchi 2 kwa ajili ya mwinuko, usije ukahukumu injini nzima kuwa mbovu. Pandisha mzunguko hadi 2,500 na uushikilie. Sindano ikishuka polepole, bomba limeziba. Ukishauriwa kuyakata masega na kuacha bomba tupu, kataa: ukaguzi wa kila mwaka, fahas, hupima moshi.

Kataa pia kung’olewa themostati eti kwa sababu ya joto. Bila hiyo injini huchelewa kufikia joto lake la kazi, kompyuta hudhani ni alfajiri na huzidisha petroli, na tunarudi kulekule kwenye masega. Kama gari linachemka kwenye foleni, safisha mapezi ya rejeta yaliyojaa vumbi na upime feni.

Nimeliacha la mwisho kwa kuwa ndilo linaloninyima usingizi. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele. Moshi unaovuja kwenye manifoldi unavujia chini ya dereva, na mchana wa Julai, joto la Riyadh likifika nyuzi 45, madirisha yote yamefungwa na kiyoyozi kinazungusha hewa ileile. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200. Dereva anayeumwa kichwa kila anapoendesha na kupona kila anaposhuka asidhani ni jua. Wako vijana wanaolala ndani ya gari likiunguruma ili wapate ubaridi, wakisubiri abiria au mzigo. Ndugu yangu, usilale humo kabla hujainua kiti, ukapapasa mpira unaozunguka kifuniko cha injini, na kuutazama kwa tochi. Ukikuta umepasuka au una masizi, zima gari na ulale nje kivulini mpaka bomba lizibwe na mpira ubadilishwe.