Kabare: Nyumba mbili zinafanana, kwa nini moja ni dola 1,800 na nyingine 5,500?

Nyumba hizo mbili ziko kwenye kilima kimoja, wilaya ya Kabare, jimbo la Kivu Kusini. Kila moja ina vyumba vitatu, kuta za matofali mabichi yaliyopakwa simenti kwa nje, mabati juu, jiko la pembeni na choo cha shimo. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mwenye nyumba ya kwanza anaomba dola 1,800. Wa pili anaomba 5,500.

Nilifika huko nikimsindikiza mjomba wangu, mwalimu mstaafu aliyechoka kulipa kodi ya nyumba Bukavu kila mwezi, anayetaka kuzeekea karibu na shamba. Kwa akiba yake, nyumba ya kwanza angeilipa siku hiyo hiyo na kubaki na pesa ya mbuzi wawili. Komisionere aliyetuongoza alimwambia papa asichelewe, maana mteja mwingine anakuja kesho. Mjomba alishaanza kuhesabu noti. Mimi niliomba tupewe siku mbili.

Bei za watu wawili si bei ya soko. Lakini kila aliyewahi kutafuta nyumba kijijini, iwe Kabare, Walungu au Kalehe, anajua mshangao huu: vitu vinavyofanana machoni, bei mbalimbali kabisa. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Haitoki kwenye kuta. Kijijini udongo wa matofali huchimbwa palepale na miti ya kupaulia hukatwa jirani. Kinachonunuliwa kwa pesa nyingi ni mabati, simenti, misumari na milango, na nyumba zetu mbili zilikuwa na vitu hivyo karibu sawa.

Barabara inaeleza sehemu. Nyumba iliyo karibu na barabara ya taifa namba 2, inayotoka Bukavu kupitia Kavumu na Katana kuelekea Goma, haiwezi kulingana na ile ambayo pikipiki inaishindwa mvua ikinyesha. Maji nayo yana bei yake, na mahali nyumba ilipokaa pia. Tangu mafuriko ya Mei 2023 yaliyoua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe, mnunuzi mwenye akili huuliza mto unapita wapi kabla ya kuuliza idadi ya vyumba. Lakini nyumba zetu mbili zilitumia njia moja na kisima kimoja.

Jibu lilikuwa uani, na aliyeliona ni mama mmoja jirani, si sisi. Nyumba ya bei kubwa imezungukwa na migomba ya zamani na mikahawa michache. Ile ya dola 1,800 haina hata mgomba mmoja, ni maharagwe na viazi vitamu tu. Mama huyo alituuliza kama tumewahi kuona Mushi anayejenga nyumba asipande mgomba.

Anayejua desturi ya Bushi ataelewa haraka. Katika usultani wa Kabare na ule wa Ngweshe, udongo una njia zake za kushikwa. Ya kwanza ni kalinzi: mtu anatoa ng'ombe au mali nyingine kwa mwami au kwa mwakilishi wake, mbele ya mashahidi, na haki hiyo inarithiwa na watoto wake. Ya pili ni bugule, yaani kununua kwa pesa, desturi iliyokuja wakati wa ukoloni. Ya tatu ni bwasa: mwenye kalinzi anamwazima mwingine kipande cha shamba kwa muda, kwa malipo au kwa kazi. Mwenye bwasa analima mazao ya msimu. Hapandi migomba wala kahawa, kwa sababu mmea unaokaa miaka mingi ni dai la kukaa miaka mingi.

Kwa hiyo muuzaji wa kwanza hakuwa mwongo kabisa. Kuta ni zake, mabati ni yake. Udongo ulio chini yake ni wa familia nyingine, iliyomwachia baba yake ajenge hapo kwa urafiki. Dola 1,800 ilikuwa bei ya nyumba isiyo na kiwanja.

Sheria ya serikali nayo inaongeza fumbo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, na kwamba setifika ya usajili, ile inayotolewa na konservatere wa ardhi, ndiyo inayothibitisha haki ya mtu juu ya kiwanja alichopewa. Kuhusu ardhi ya vijiji, sheria hiyo iliahidi kwamba Rais wa Jamhuri atatoa amri ya kupanga haki za wenyeji. Miaka 50 ilipita bila amri hiyo kutolewa. Kwa upande mwingine, Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa kufuata sheria au desturi. Mwananchi amebaki katikati. Huyu ana karatasi ya chefu, yule ana setifika, wengine wana neno la mzee aliyekwisha kufa. Kila mmoja anataja bei kulingana na nguvu ya alicho nacho, au anachodhani anacho.

Ongeza haraka ya muuzaji. Mwenye mgonjwa hospitalini hasemi bei sawa na mwenye kungojea. Tangu Bukavu iingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa Februari 2025, mabenki yalifunga milango na dola taslimu ikawa ngumu kupatikana. Anayetaka kuondoka anashusha bei. Anayenunua naye anajiuliza karatasi inayosainiwa leo itatambuliwa na nani kesho. Na mnunuzi akijulikana ana mtoto Ulaya au Marekani, bei inapanda kabla hajaketi.

Bei ndogo si wizi kila mara, na bei kubwa si dhamana. Kabla ya kutoa hata dola moja, nenda bila komisionere, kwa sababu yeye hulipwa nyumba ikiuzwa, si wewe ukikaa salama. Waulize majirani wa pande zote nne mpaka uko wapi na nani alitoa kalinzi. Uliza kwa chefu wa kijiji kama kuna kesi. Kama muuzaji anaonyesha setifika, ichunguze kwa konservatere. Kwa nyumba zilizo upande wa Miti, hakikisha haziko ndani ya mipaka ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mwishoni, mke au mume wa muuzaji asaini pia, pamoja na ndugu waliorithi naye. Sheria ya familia inataka wenye ndoa wakubaliane kuhusu mali kama hiyo, na kesi nyingi huanza na mtu ambaye hakuitwa siku ya kuuza.

Mjomba hakununua nyumba ya dola 1,800. Alirudi kwa muuzaji wa pili, wakaongea jioni mbili, bei ikashuka hadi 4,600. Baba wa muuzaji alitoa kalinzi, na mashahidi wawili bado wako hai. Ila kaka yake anaishi Kalemie na hajasaini. Muuzaji anasema kaka hana neno. Mjomba amejibu kwamba atalisikia neno hilo kutoka kinywani mwa kaka mwenyewe. Kwa sasa anaendelea kulipa kodi Bukavu, na pesa yake bado iko kwake.