Sonona isiyosikia dawa

MAMA anameza vidonge mwezi wa tatu sasa, lakini hali, halali, na watoto wakimsemesha ni kama hawasikii. Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Huyu atasema ana jini, yule atasema imani yake ndogo, na mume naye ataanza kuhesabu fedha zilizokwishakwenda duka la dawa.

Ndugu msomaji, sonona kutosikia dawa ya kwanza si jambo la ajabu. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliochapishwa mwaka 2006, ulionesha kuwa ni takriban theluthi moja tu ya wagonjwa waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza.

Madaktari huiita sonona sugu pale mgonjwa anapokuwa amejaribu angalau dawa mbili, kila moja kwa kipimo cha kutosha na kwa wiki kadhaa, asipate nafuu. Wengi hawajafika hapo. Waliacha vidonge walipojisikia afadhali, au wana tatizo la tezi ya shingo ambalo halijapimwa.

Ikithibitika kuwa ni sugu, daktari anaweza kuongeza dawa nyingine juu ya ile ya kwanza. Ya zamani katika hizo ni lithiamu, na hapa nawasihi wanaofunga. Mwili ukipungukiwa maji, lithiamu hupanda katika damu hadi kuwa sumu. Mgonjwa asiingie Ramadhani kabla ya kuonana na daktari wake, wala asijikatie dawa mwenyewe.

Jipya zaidi ni ketamini. Wauguzi wetu wanaijua miaka mingi kama dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, kumbe dozi ndogo yake huweza kumpa mgonjwa wa sonona nafuu kwa saa au siku chache, wakati vidonge huchukua wiki. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha aina yake ya kupuliza puani, esketamini. Hii haipelekwi nyumbani. Mgonjwa huipuliza mbele ya mhudumu, hupimwa presha kwa kuwa huweza kupanda, huangaliwa kwa saa mbili au zaidi, na haendeshi gari mpaka kesho yake. Dawa hii huweza kuleta uraibu, basi anayeuziwa mtaani aikimbie.

Ipo pia tiba ya sumaku, iliyoidhinishwa huko mwaka 2008. Kifaa huwekwa juu ya kichwa mgonjwa akiwa macho, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita. Mwenye chuma kichwani hafai. Gharama yake si ya kila mtu.

Tiba ya umeme ndiyo inayoogopwa, na kwa kweli huweza kusahaulisha mambo. Lakini siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa, na kwa aliyegoma kula au anayetaka kujiua, ni katika tiba zenye nguvu kuliko zote.

Mgonjwa akianza kusema anatamani kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Vidonge vyote vifichwe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.