Taa ya Kijani Haitoshi

Mawingu yakitanda alasiri juu ya vilima vya Gusii, wenye ofisi na maduka pale Nyamarambe huanza kuchomoa televisheni na kompyuta ukutani. Wana sababu nzuri: nyanda za juu za Kisii na Nyamira ni kati ya sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi. Lakini kabati la seva halichomolewi. Hospitali au chama cha akiba na mikopo hulitegemea usiku na mchana, na ndiyo maana wauzaji hukazania kwamba ndani yake kila kitu ni viwili.

Siku hizi kabati hilo mara nyingi ni la moduli: chasi moja ya chuma, seva nyembamba zinazosukumwa ndani kama droo, na nyuma yake swichi mbili. Kila seva ina kebo moja kwenda swichi ya kwanza na nyingine kwenda ya pili. Moja ikifa, ya pili inabeba kazi yote. Swichi ikifa kabisa, mpango huu hufanya kazi vizuri na fundi hana la kuhangaikia. Kazi huanza pale swichi inapojeruhiwa bila kufa.

Radi ikipiga karibu na waya wa shaba unaotoka jengo moja hadi lingine, umeme unaopenya si lazima uunguze tundu la swichi. Unaweza kuliacha nusu hai. Taa inabaki ya kijani, data inapita, ila baadhi ya vipande vyake vinafika vimeharibika na kutupwa. Itifaki ya LACP, inayounganisha kebo mbili ziwe njia moja, hutuma ujumbe mfupi wa kujuliana hali kila sekunde 30, au kila sekunde 1 ukiiweka ya haraka. Ujumbe mfupi hupenya hata kwenye kebo inayoharibu vipande virefu. Basi swichi zote mbili zinaapa kwamba kila kitu ni shwari.

Hapo ndipo lalamiko linapokuwa la ajabu. Swichi haigawi data kwa zamu, kipande huku na kipande kule. Huchukua anwani ya anayetuma na ya anayepokea, ikapiga hesabu, na jibu ndilo linaloamua kebo ya kutumia. Anwani zisipobadilika, jibu halibadiliki. Karani mmoja atakwama asubuhi hadi jioni, na jirani yake wa meza ya pili atasema, “Mbona kwangu inafanya?” Fundi mwenye haraka hubadilisha kompyuta ya karani wa watu, na mara nyingine kompyuta mpya ikipata anwani nyingine tatizo huisha, naye akaondoka akijisifu. Kebo mbovu iko palepale.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anakwama, kabla ya kuuliza ni saa ngapi. Kama ni walewale kila siku, fungua hesabu ya vipande vilivyoharibika katika kila tundu, irudishe sifuri, subiri dakika kumi, usome tena. Hesabu ikipanda upande mmoja tu, uzime upande huo kwa makusudi. Mtandao ukipona baada ya kunyang’anywa nusu ya njia zake, jibu umelipata. Waya kati ya majengo uwe faiba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme wa radi. Hilo ningelisisitiza kwa kila ofisi ya Gusii hata kabla ya kununua swichi ya pili.

Kosa jingine ni la mizigo. Ukiona kila kebo imejaa asilimia 60 na ukaridhika, kumbuka kwamba moja ikikatika, iliyobaki itatakiwa kubeba asilimia 120. Kenya ililionja jambo hili Februari 2012. Kebo kadhaa za intaneti za chini ya bahari zilikatika katika Bahari ya Shamu, EASSy ikiwemo, na sehemu ya data ikahamishiwa kebo nyingine, TEAMS. Tarehe 25, nanga ya meli karibu na Mombasa ikaikata TEAMS nayo.

Pia kuna viwili ambavyo ni kimoja. EASSy na SEACOM ni kebo tofauti zenye wenyewe tofauti, lakini tarehe 12 Mei 2024 zilikatika pamoja upande wa kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko. Ndani ya chasi ni vivyo hivyo: swichi mbili zinaweza kuwa zinapulizwa na feni zilezile na kulishwa na soketi moja ya ukutani. Fuata kila waya kwa mkono mpaka mwisho wake. Mchoro wa mkandarasi usiuamini.

Mbaya zaidi ni ishara ya uhai, ile ambayo swichi mbili hutumiana ili kila moja ijue mwenzake yu hai. Ikipita kwenye kebo ileile inayobeba data, kebo ikikatika kila swichi hudhani mwenzake amekufa. Zote hujitangaza kuwa kiongozi kwa anwani ileile, na ofisi nzima huvurugika. Ishara hiyo ipewe njia yake.

Usiku wa 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima, na katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya akiba ikagoma kuwaka. Abiria walibaki gizani, na Kipchumba Murkomen, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, akaomba radhi. Jenereta ilikuwepo. Kwa hiyo swichi ya akiba ijaribiwe ikiwa kazini: chagua siku ya kazi isiyo na msongamano, waambie wakuu wa idara mapema, chomoa swichi ya kwanza, uhesabu sekunde mpaka karani wa mwisho arudi hewani. Kisha irudishe, uchomoe ya pili. Wengi hujaribu upande mmoja tu. Tarehe na sekunde hizo ziandikwe kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya mlango wa kabati, na zoezi lirudiwe kabla ya mvua za masika na kila mara fundi mgeni anapoligusa kabati.